Kuisukutua Mashine

Msomaji ana haki ya kushangaa aonapo makala ya mashine ya boti yaliyoandikwa na mtu anayeishi Loresho. Mtaa huu umeinuka takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Jirani yake ni Kangemi, na maji pekee yanayoonekana hapa ni yale yanayorushwa na mipira juu ya nyasi za bustani. Hata hivyo, mashine ipo. Imefungwa kwenye gogo imara nyuma ya nyumba, chini ya mjakaranda, na nimekwisha kuisafisha kwa mikono yangu mara tano.

Nyumba yenyewe ni ya mzee mmoja, mhandisi mstaafu. Mimi ninaishi katika chumba cha uani, na kodi yangu huilipa nusu kwa fedha na nusu kwa kuwafunza wajukuu wake Kiswahili. Mzee huyu ana boti ndogo ambayo mara mbili au tatu kwa mwaka huivuta kwa gari lake hadi Kilifi, akavua siku tatu nne, kisha akarudi nayo Nairobi. Alipofahamu kuwa mimi ni mzaliwa wa Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, alinikabidhi mashine hiyo bila hata kuuliza kama ninaijua. Nadhani aliamini kwamba mtu wa visiwani huzaliwa na ujuzi huo kama vile bata azaliwavyo na ujuzi wa kuogelea. Kwa bahati njema, au mbaya, ninaijua.

Siku ya kwanza alinifungulia kitabu cha maelekezo, akaweka kidole juu ya neno moja la Kiingereza, akaniuliza: “Ninyi wasomi wa Kiswahili, hili mnaliitaje?” Neno lenyewe lilihusu kazi ya kupitisha maji matamu ndani ya mashine baada ya mashine kutoka baharini. Nikajibu, “Kuosha.” Akatikisa kichwa: kuosha ni nje, hata gari huoshwa. Nikasema kusafisha, akasema hilo ni pana mno, hata ofisi husafishwa. Nikajaribu kusuuza. Hilo lilikaribia, ila tusuuzapo sahani au nguo maji hupita juu ya kitu, na macho yetu yanayaona. Hapo ulimi wangu ukanitangulia nikasema, “Kusukutua.”

Mzee akacheka. “Hiyo si ya meno?”

“Ndiyo, mzee. Ni ya kinywa.”

Sikumweleza zaidi, lakini usiku ule sikulala vizuri, kwani neno lile sikuwa nimelitamka kwa takriban miaka kumi.

Neno hilo ni la baba yangu. Kamusi zetu hulifungamanisha na kinywa: mtu hutia maji mdomoni, akayazungusha, akayatema. Baba hakuwahi kufungua kamusi. Alilichukua neno kutoka kwenye udhu, ambao huutia mara tano kwa siku, akalipeleka kwenye mashine yake kwa sababu aliona kazi ni ile ile. Maji huingia katika uwazi ambao mkono haufiki, huzunguka humo, kisha hutoka na kile yalichokikuta. Ninawaheshimu sana walimu wangu wanaoketi katika kamati za istilahi, na ninajua ugumu wa kazi yao. Lakini kila ninaposoma orodha za maneno yaliyoundwa mezani kwa ajili ya vyombo ambavyo wavuvi wetu wamevitumia kwa miongo mingi, hujiuliza ni nani aliyekwenda pwani kuuliza.

Yafaa nieleze jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi, kwa kuwa bila hivyo kosa ninalotaka kulisimulia halitaeleweka. Mashine ya nyuma ya boti haina rejeta kama ya gari. Hupozwa na maji yale yale inamopita. Mguu wake uliozama una matundu madogo yenye wavu. Ndani ya mguu huo mna kigurudumu cha mpira chenye mapezi, nacho huzunguka, kikayanyonya maji na kuyapandisha hadi kwenye silinda kupitia vijia vyembamba vilivyomo katika chuma. Maji huchukua joto, kisha hurudi baharini. Sehemu ndogo hutokea kwenye kitundu kilicho ubavuni kama uzi wa maji, na nahodha huutazama uzi huo safari nzima. Kwetu husemwa mashine inakojoa. Ikiacha kukojoa, nahodha huizima mara moja, hata kama mawimbi yanamsukuma kwenye mwamba.

Sasa, lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Chombo kinapofika pwani na mashine ikazimwa, yapo maji yanayobaki katika vile vijia. Tuseme ni glasi moja tu. Joto la mashine huyakausha maji hayo yakaacha kiasi cha gramu 9, yaani kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Kesho huongezeka mengine. Maji mapya ya bahari huyeyusha baadhi, lakini si yote, na chumvi iliyogandamana na kutu ya aluminiamu huwa ngumu kama chokaa ya ukuta wa kale. Vijia huziba polepole. Kwa macho, mashine ni nzima: imepakwa rangi, inanguruma vizuri, hata inakojoa, ingawa uzi wake umekuwa mwembamba kidogo. Ugonjwa wote umo ndani.

Tiba yake ni ndogo mno. Mguu wa mashine hutumbukizwa katika pipa la maji matamu, maji yakavuka yale matundu ya wavu. Mashine huwashwa bila gia, kwa mwendo wa chini kabisa, kwa muda wa dakika kumi hivi. Isiwashwe pakavu hata kidogo, kwa sababu kigurudumu cha mpira hukosa maji ya kukilainisha kikaungua. Kisha hufungwa mpira wa petroli ili mafuta yaliyomo kwenye kabureta yaishe, na mashine huachwa imesimama wima mpaka maji yote yachuruzike. Hiyo ndiyo kazi yote. Kinachohitajika ni pipa, dakika kumi na maji matamu, na katika vitu hivyo vitatu kimoja tu ndicho kilichokuwa adimu nyumbani kwetu.

Kisiwa cha Pate anakijua kila mwanafunzi wa fasihi. Ndicho kisiwa cha Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, na magofu ya mji wa Pate ndiyo yaliyomzindua Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi. Mimi mwenyewe ninaandika tasnifu kuhusu taswira ya bahari katika ushairi wa visiwa hivi, na nimekwisha kujaza daftari mbili kwa maelezo ya bahari kama safari, bahari kama dunia, bahari kama mauti. Ila katika daftari zote mbili sijaandika neno jabia.

Jabia ni uwanja uliosakafiwa kwa saruji, wenye mwinamo, unaokinga mvua na kuiongoza hadi kwenye birika lililochimbwa. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvichumvi. Hufaa kufulia na kuogea, lakini chai yake hainyweki. Kwa hiyo kunywa kwetu na kupika kwetu kulitegemea kile kilichonyesha masika. Mvua ya Aprili na Mei ikiwa nzuri, jabia hutufikisha mwisho wa mwaka. Ikiwa haba, basi kaskazi inapoanza kuvuma mwezi wa Desemba maji huwa yako chini kabisa, na madumu huletwa kwa boti, na bei yake hutajwa na mwenye boti. Hesabu ya maji kila mtoto wa kwetu aliijua kabla ya hesabu ya shule.

Baba aliinunua mashine mwaka 2012 kutoka kwa rafiki yake wa kijiji jirani. Walikuwa wamevua pamoja tangu ujana, tanga moja na kasia moja, na rafiki huyo alipopata mashine kubwa zaidi alimpa baba ile ya zamani, ya nguvu za farasi 15, kwa malipo ya kidogo kidogo. Haikuandikwa karatasi. Siku aliyoileta alimwambia baba mbele yangu: “Ndugu yangu, mimi sijawahi kuilaza na chumvi. Nawe usiilaze.” Baba aliyashika maneno yale kama wasia. Alilikata pipa la mafuta, akaliweka chini ya mkungu ulio karibu na pwani, akalijaza maji ya jabia madumu sita. Maji yale yale yalitumika siku kadhaa, kwa kuwa hapakuwa na uwezo wa kuyabadilisha kila jioni. Lakini kila mara mashine huacha chumvi kidogo ndani ya pipa, na baada ya muda maji ya tiba hugeuka kuwa ugonjwa. Hivyo baba aliyaonja. Huyafagia mafuta yaliyoelea juu kwa kiganja, huchovya kidole, hukiweka ulimini, hutema, kisha hutoa hukumu: “Bado,” au, “Yamwage.” Sikuwahi kumwona akikosea.

Mwezi wa Desemba mwaka 2014, nikiwa na umri wa miaka 17, baba alinikabidhi pipa. Alisema mabaharia hujifunza mashine kwa kuanzia mwisho wa safari. Tangu siku ile aliyonikabidhi, hakuyaonja tena maji. Aliniuliza tu jioni, “Umeisukutua?” nami nikajibu, “Ndiyo, Baba,” basi yakawa yamekwisha.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimetupunja. Tena mwezi ule ule dada yangu alikuja nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo ada, akae kwa mama mpaka arobaini itimie. Nyumba yenye mzazi na mtoto mchanga haikosi haja ya maji mchana na usiku. Mama alipima maji kwa kata, akijinyima mwenyewe kwanza. Nilimwona siku moja akisukutua kinywa kwa maji ya kisima baada ya kula, akakunja uso, akameza mate, akaendelea na kazi.

Siku ya kubadilisha maji ya pipa ilipofika, baba alinipa fedha za madumu sita. Niliyachukua maji, nikayapakia kwenye mkokoteni, nikafika njia panda: kushoto ni pwani, kulia ni nyumbani. Nimesoma hadithi nyingi ambamo mhusika hufika njia panda akapambana na nafsi yake. Mimi sikupambana. Niligeuza mkokoteni kulia, nikashusha madumu manne uani, nikaendelea na mawili. Nafasi ya yale manne niliijaza kwa maji ya kisima. Mama alitoka, akayatazama madumu, akanitazama mimi. Yeye alijua hesabu ya nyumba kuliko mtu yeyote. Hakuuliza. Aliyabeba ndani moja baada ya jingine.

Nilifanya hivyo mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne sikupeleka pwani hata dumu moja tamu. Mashine ilinguruma ndani ya pipa kama kawaida, na uzi wa maji ulitoka kama kawaida, nami nikajiambia kuwa maji ya kisima si maji ya bahari. Hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba masika ikinyesha nitarudia maji ya jabia, na hilo nalo nililitimiza, mwezi wa Aprili. Wakati huo mpwa wangu alikuwa amenona, na hakuna aliyejua lolote isipokuwa mimi, na mama kwa kimya chake.

Mashine ilinoki mwezi wa Julai mwaka 2015, katikati ya kusi. Baba alikuwa nje na mabaharia wawili. Uzi wa maji ulikatika, baba akaizima, akangoja ipoe, akaiwasha tena kwa sababu upepo ulikuwa ukiwapeleka kwenye miamba. Ikaenda kidogo, ikatoa mlio mmoja, ikashika. Walikaa wakipigwa na mawimbi mpaka alasiri, mashua ya tanga ilipowaona ikawavuta. Nilikuwa pwani walipofika. Baba aliruka majini, akaishika mashine kwa mikono miwili kama mtu amshikaye mgonjwa, wala hakusema kitu.

Fundi aliifungua juu ya jamvi. Pistoni ilikuwa imekwama kwenye silinda. Vijia vya maji vilikuwa vimejaa kitu cheupe kilichoganda. Alikikwangua kwa bisibisi kikatoka vipande vipande. Akakionja. Mafundi wa kwetu nao huonja. Akasema, “Chumvi. Tena si ya leo wala ya jana. Hii ni ya miaka.”

Neno “miaka” ndilo lililoniokoa mimi na kumwangamiza mwingine. Kama chumvi ni ya miaka, basi iliingia kabla mashine haijafika kwetu. Baba hakuhitaji kufikiri zaidi. Yeye mashine yake ilisukutuliwa kila jioni, na mwanawe ni shahidi. Alikwenda kwa rafiki yake akamwambia kuwa amemuuzia maiti iliyopakwa rangi. Rafiki aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hakuna usiku aliowahi kuilaza mashine ile na chumvi. Shauri likafika kwa wazee. Fundi alirudia maneno yake. Nami niliitwa, nikaulizwa mbele ya watu wazima saba kama nilikuwa nikiisukutua mashine. Nikasema ndiyo. Hawakuniuliza kwa maji gani.

Wazee waliamua kwamba fedha zilizobaki zisilipwe. Zilikuwa shilingi 35,000. Yule mtu aliinuka, akasema amekubali kwa ajili ya heshima ya wazee, akaenda zake. Yeye na baba hawakuketi pamoja tena. Wakikutana msikitini walisalimiana kwa maneno ya lazima. Baba alirudia tanga na kuvua kwa sehemu katika vyombo vya watu. Mimi nilimaliza shule mwaka ule, nikapata alama nzuri, nikapata nafasi ya chuo kikuu, nikawa fahari ya nyumba.

Huenda fundi alisema kweli. Mashine ile ilikuwa kongwe, na huenda ilikuwa na chumvi yake ya zamani ambayo maji yangu ya kisima yaliiongezea kidogo tu. Nimeifanya hesabu hii usiku mwingi. Miezi minne ya maji ya chumvichumvi haiwezi kujaza vijia vya mashine safi mpaka vikazibe kabisa; lakini katika mashine ambayo vijia vyake vimekwisha kuwa vyembamba, yaweza. Sina njia ya kujua ni sehemu ngapi ya chumvi ile ilikuwa yangu. Ninachojua ni kwamba wazee walinyimwa habari moja waliyoistahiki, na aliyewanyima ni mimi.

Turudi Loresho. Hapa sisukutui kwa pipa. Mzee alinunua kifaa chenye vikombe viwili vya mpira vinavyobana mguu wa mashine pande zote mbili, juu ya matundu ya wavu. Mpira wa bustani huunganishwa hapo, bomba likafunguliwa, mashine ikawashwa. Maji hutoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa uani kwa mashine, wala hayapimwi. Hupita ndani ya chuma, humwagika chini, huteremka kwenye mfereji kuelekea bondeni. Kwa dakika kumi na tano humwagika maji ambayo kwetu yangetosha pipa zima, na labda zaidi. Nimemweleza mzee kwamba anachelewa. Chumvi iliyokauka safari nzima kutoka Kilifi haiyeyuki kwa urahisi, na afadhali aisukutue kule kule kabla ya kuifunga garini. Husema, “Kweli kabisa, mwalimu,” na safari inayofuata hurudi vile vile. Mashine yake, lakini, itaishi. Ina maji.

Mtunza bustani, ambaye ni mtu mzima kuliko baba yangu, anakaa Kangemi. Mgao wa maji ulioanza jijini Januari 2017 aliujua kwa mgongo wake, maana alikuwa akipandisha madumu ghorofa ya nne. Mara ya kwanza aliponiona nikiisukutua mashine, alikuja na ndoo mbili akaziweka chini ya kile kitundu cha ubavuni. Nikamwambia, “Baba, maji haya yana chumvi na mafuta.” Akachovya kidole, akaonja, akatema pembeni. “Chumvi kidogo tu,” akasema, “yatafaa kwa kudeki.” Sikuweza kusema neno. Nilizima mashine kabla ya wakati wake, nikajifanya kutafuta spana.

Ilikuwa wiki ile ile, mwezi wa Rajabu mwaka jana, baba aliponipigia simu. Rafiki yake amefariki. Baba alikwenda kuzika. Alilibeba jeneza kwa zamu pamoja na wengine, akatia udongo kwa mikono yake. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama ya mtu aliyetua mzigo. Akaniambia, “Mwanangu, nimesimama juu ya kaburi lake, nimemsamehe.”

Nyuma ya sauti yake nilisikia vyombo vikigongana, halafu vikanyamaza. Mama alikuwa pale.

Tangu siku hiyo nimejaribu kuandika barua mara nyingi. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, nami nimeandika kurasa nyingi juu ya majuto ya wahusika wa tamthilia na riwaya, lakini barua ile ilinishinda kwenye sentensi ya pili. Nikaiandika kwa Kiswahili sanifu, ikasomeka kama taarifa ya polisi. Nikaiandika kwa Kitikuu, lugha niliyonyonya, nikasikia sauti ya mtoto anayeomba asipigwe. Tena barua hiyo ingesomwa na nani? Macho ya baba hayaoni vizuri maandishi madogo. Angempa mjukuu wake amsomee, yule yule aliyekunywa maji ya pipa, ambaye sasa yuko gredi ya tano na anasoma bila kukwama. Si haki kumpa mtoto yule maneno hayo ayatamke.

Tena jambo lenyewe si la majuto peke yake. Baba amemsamehe mtu ambaye huenda hakukosa, na wakati huo huo anadaiwa naye. Shilingi 35,000 zile zilikuwa haki ya marehemu, na sasa ni haki ya warithi wake. Deni la maiti kwetu si jambo la kungoja. Baba ni mtu wa kuswali alfajiri msikitini kila siku. Anatembea na deni asilolijua, nami ndiye niliyemvisha. Mwanzoni nilidhani ninamficha jambo litakalomuumiza. Ilinichukua muda kukiri kwamba nilikuwa nikijificha mimi, na kwamba kila siku inayopita ninamzidishia yeye.

Mama nimekwisha kusema naye. Nilimpigia baba akiwa msikitini. Nilianza kwa kuzunguka, nikiuliza habari za mvua na jabia, naye akanikatiza: “Ni yale madumu?” Nikasema ndiyo, Mama. Akanyamaza kwa muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, “Njoo useme mwenyewe. Mimi nitaketi karibu.” Akaongeza kwamba mwana wa marehemu naye ni mvuvi, yuko hapo hapo kijiji jirani, ana mashine yake ndogo, na kwamba kila jioni yeye huonekana pwani na pipa.

Fedha za masomo ya wajukuu wa mzee nimeziweka kando tangu wakati ule wa Rajabu. Zimetimia shilingi 35,000, na nauli juu yake. Mzee amenipa ruhusa ya wiki mbili, akaniomba tu nimfunze mtunza bustani kazi ya mashine kabla sijaondoka. Tuliifanya Jumamosi, sisi wawili. Alibana vikombe vya mpira mwenyewe, akafungua bomba, akawasha, akautazama uzi wa maji kwa makini kama nahodha. Akaniuliza kazi hii inaitwaje, nikamwambia. Hakucheka.

Mhariri anayasubiri makala haya. Nimemwomba asiyachape mpaka nirudi. Basi la Mombasa linaondoka saa tatu za usiku, na kutoka Mombasa nitaunganisha hadi Mokowe. Boti za Kizingitini hupita Mkanda maji yakiwa yamejaa, na nimekwisha kuuliza: keshokutwa yatajaa saa nane mchana.